Kasri la Hohenzollern: Ukoo uliorudi mlimani kuijenga asili yake

Kiasi cha kilomita 50 kusini mwa Stuttgart, safu ya milima ya Schwäbische Alb hukoma ghafla na kuyaachia nafasi mashamba, misitu na miji midogo ya Hechingen na Bisingen. Mbele ya safu hiyo upo mlima mmoja uliojitenga na wenzake, kilele chake kikiwa meta 855 juu ya usawa wa bahari. Kilele hicho chote kimeshikwa na kasri la ukoo wa Hohenzollern: chini kuta nene zinazoufuata ukingo wa mwamba, juu minara myembamba yenye ncha kali. Asubuhi za majira ya vuli ukungu hulijaza bonde lote, na wapiga picha hupanda vilima vya jirani kabla ya jua kuchomoza ili waione minara ikitokeza juu ya ukungu, bila mlima chini yake.

Huu ni ukoo uliowapa Wajerumani makaisari watatu. Sura ya mmoja wao, Wilhelm II, akiwa amevaa kofia ya chuma yenye tai juu yake, ilikuwa kwenye rupia za fedha zilizozunguka Bagamoyo, Tanga na Dar es Salaam. Jina lake lilibandikwa juu ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro. Makaisari hao hawakuwahi kukanyaga ardhi yetu, lakini saini na amri zao zilipima mashamba, zilitoza kodi, zilinyonga watu na kuchora mipaka ambayo Tanzania, Rwanda na Burundi zinaishi nayo mpaka leo. Kasri hili ndilo wanalolitaja kuwa chimbuko lao. Kwa hiyo msomaji wa Afrika Mashariki anapoliangalia, haangalii nyumba ya watu baki.

Jambo la kwanza la kulielewa ni umri wake. Anayeliona kwa mara ya kwanza huamini kwamba limesimama pale tangu enzi za mashujaa wa mikuki na farasi. Ukweli ni kwamba karibu kila jiwe linaloonekana liliwekwa kati ya mwaka 1850 na 1867. Treni zilikuwa zimeshaanza kukimbia Ujerumani, na simu za maandishi zilikuwa zikipeleka habari kwa nyaya kutoka mji hadi mji. Huku kwetu, miaka ya 1860 ndiyo Sayyid Majid wa Zanzibar aliyoanza kujenga Dar es Salaam. Kasri la Hohenzollern, pamoja na sura yake ya kale, ni rika la jiji hilo. Na hapo ndipo linapoanza kunivutia. Ukoo uliokuwa tayari na majumba ya fahari Berlin na Potsdam ulikuwa na haja gani ya kupanda tena mlima wa mababu, mbali na kila kitu, na kujenga ngome ya mtindo uliokwisha kupitwa na wakati?

Ngome mbili zilizotangulia

Jina la ukoo linajitokeza mara ya kwanza katika kumbukumbu za mwaka 1061 za mtawa Berthold wa Reichenau. Habari yenyewe ni fupi na ni ya msiba: Burchard na Wezil wa Zolorin wameuawa. Walikuwa makabaila wenye cheo cha Graf, watu wa kumiliki wilaya chache, kutoza ushuru na kuwapeleka vijana wao kwenye vita vya mfalme. Ngome yao inatajwa kwa jina katika hati ya mwaka 1267, ingawa ilikuwapo mapema zaidi.

Mahali walichagua vizuri. Wataalamu wa miamba wanaeleza kwamba mlima huu umo ndani ya bonde la ufa dogo, linaloitwa Hohenzollerngraben. Kipande cha ardhi kilizama kati ya nyufa mbili, na kwa kuzama kwake miamba migumu ya chokaa ikanusurika na mmomonyoko, huku ile iliyobaki juu ikiliwa na mvua na barafu kwa mamilioni ya miaka. Kilichozama ndicho kilichosalia, na leo kimesimama kikiwa mlima. Nyufa hizo bado zi hai, jambo ambalo wenye kasri wamelilipia gharama kubwa, kama tutakavyoona.

Mwanzoni mwa karne ya 13 ukoo uligawanyika. Tawi moja lilibaki Swabia, kwenye mlima. Jingine lilikwenda Nürnberg, ambako mzee wao alikuwa amepata kwa njia ya ndoa wadhifa wa kusimamia ngome ya mfalme. Tawi hili la pili ndilo lililopanda juu. Mwaka 1415, Mfalme Sigismund alimkabidhi Friedrich wa Nürnberg jimbo la Brandenburg, nchi ya mchanga na misonobari huko kaskazini mashariki, pamoja na cheo cha kuwa mmoja wa wakuu wachache wenye haki ya kumchagua mfalme wa Wajerumani. Mwaka 1701 wazao wake wakawa wafalme wa Prusia. Mwaka 1871 wakawa makaisari.

Waliobaki mlimani waligombana. Ndugu wawili, Friedrich aliyeitwa Öttinger na Eitel Friedrich, waliingia katika ugomvi wa urithi, na Friedrich akajikusanyia maadui hadi miji huru ya Swabia ikaungana dhidi yake. Ngome ilizingirwa kwa muda wa miezi kumi. Tarehe 15 Mei 1423 ilianguka, ikabomolewa mpaka chini, na mfalme akapiga marufuku kuijenga upya. Mfalme huyo alikuwa yuleyule Sigismund. Katika miaka minane tu, mkono mmoja uliwapa binamu wa kaskazini nchi nzima na ukawanyang'anya wa kusini nyumba ya babu yao.

Marufuku haikudumu. Mwaka 1454 Jos Niklas, mtoto wa Eitel Friedrich, aliweka jiwe la msingi la ngome ya pili, kubwa na imara kuliko ya kwanza. Wakati wa Vita vya Miaka Thelathini iliongezewa maboma ya kukabili mizinga, lakini mwaka 1634 majeshi ya Württemberg yaliiteka. Baada ya hapo ilipita mikononi mwa askari wa Austria, Wafaransa nao waliikalia kwa muda katika miaka ya 1740, na kufikia mwisho wa karne ya 18 hapakuwa na mtu aliyeitaka. Paa ziliporomoka. Wakulima wa bondeni walizoea kuona magofu juu ya mlima, na kati ya magofu hayo kikanisa cha Mtakatifu Mikaeli, jengo pekee lililobaki katika hali ya kuridhisha.

Machweo ya mwaka 1819

Mwaka 1819 alipita hapo kijana wa miaka 23 akiwa safarini. Alikuwa Friedrich Wilhelm, mrithi wa kiti cha ufalme wa Prusia. Alipanda mlimani kuyaona magofu ya wazee wake, akatazama jua likizama kutoka juu ya boma moja lililovunjika. Miaka 25 baadaye, akiwa amekwisha kuwa mfalme, aliandika kwamba kumbukumbu za jioni ile zilikuwa zimemkaa moyoni kama ndoto nzuri, na kwamba tamaa yake ya ujana ilikuwa kuliona kasri likikalika tena.

Mtu huyu hawezi kueleweka bila kujua mapenzi yake kwa zama za kati. Yeye ndiye aliyeweka jiwe mwaka 1842 ili ujenzi wa kanisa kuu la Köln, uliokuwa umesimama kwa karne tatu, uendelee. Yeye ndiye aliyefufua ngome ya Stolzenfels kando ya mto Rhein. Aliamini kwamba mfalme hupewa ufalme na Mungu, na kwamba zamani watu walilijua hilo na kulikubali. Kila jiwe la kale kwake lilikuwa ushahidi wa mpangilio huo.

Kisha ukaja mwaka 1848. Wananchi wa Berlin walijenga vizuizi barabarani, damu ikamwagika, na mfalme akalazimika kutoa heshima mbele ya miili ya waliouawa na askari wake. Mwaka uliofuata wabunge waliokutana Frankfurt walimwendea na taji la Ujerumani nzima, naye akalikataa, kwa kuwa lilitoka mikononi mwa raia. Mapinduzi yale yaliwatikisa pia jamaa zake wa Swabia, watawala wa vijinchi viwili vya Hechingen na Sigmaringen. Walichoka, wakaachia utawala, na mwaka 1850 nchi zao zikawa sehemu ya Prusia. Ghafla mlima wa mababu ulikuwa ndani ya himaya ya mfalme wa Berlin, ingawa ulitengwa na nchi yake kuu kwa mamia ya kilomita.

Mwaka huohuo mafundi walianza kazi. Gharama ziligawanywa kwa nasaba: theluthi mbili zilitoka kwa tawi la Prusia, theluthi moja kwa tawi la Swabia. Mwezi Agosti 1851, ujenzi ukiwa bado mchanga, mfalme alikwenda juu kupokea kiapo cha utii cha raia wake wapya. Angeweza kukipokea katika ukumbi wowote mjini Hechingen, lakini alitaka waapie palepale, kwenye mwamba uliowatoa wazee wake.

Ninalisoma kasri hili, basi, kama jibu la mfalme kwa vizuizi vya Berlin. Raia walikuwa wamemuuliza kwa bunduki haki yake ya kutawala inatoka wapi. Akawaonyesha mlima.

Njia inayojizungusha

Kazi aliwapa watu wawili waliotofautiana kabisa, na ninadhani uzuri wa jengo umetokana na tofauti hiyo.

Wa kwanza alikuwa mwanajeshi, Moritz von Prittwitz, mhandisi aliyesimamia ujenzi wa ngome kubwa ya Ulm. Tatizo lake lilikuwa la hesabu: magari ya farasi na mizinga yatafikaje juu ya kilele chembamba chenye miteremko mikali? Alilijibu kwa barabara inayojizungusha yenyewe. Mgeni huingia kwenye Lango la Tai, lenye daraja la kuinua. Maandishi yake yanataja mwaka 1454 na mwaka 1851, na yanasema kwamba lango limejengwa na mkono wenye nguvu wa Prusia. Kutoka hapo njia inapinda, inapita chini ya mnara, inapinda tena, inapanda, na baada ya muda mgeni hujikuta juu ya sehemu aliyopita dakika chache zilizopita. Kila mzunguko unatazamwa na ukuta ulio juu yake. Adui ambaye angevunja lango la kwanza angelazimika kutembea chini ya bunduki za wenyeji mara kadhaa kabla ya kuufikia ua. Ni kazi ya uhandisi wa kijeshi hasa, si pambo, na nafasi ya kuweka askari ilitengwa ndani ya kuta.

Wa pili alikuwa Friedrich August Stüler, mbunifu wa majengo wa mfalme, mwanafunzi wa Karl Friedrich Schinkel. Stüler ndiye aliyesanifu Neues Museum ya Berlin na Makumbusho ya Taifa ya Stockholm. Yeye alijenga juu ya boma la Prittwitz, akiufuata kwa kiasi kikubwa mpangilio wa msingi wa ngome ya kale, majengo yakiuzunguka ua kwa umbo la kwato ya farasi. Lakini alipoinua kuta, aliachana na woga wa vita. Madirisha ni mapana, marefu, yenye matao yaliyochongoka juu. Minara ni myembamba mno kuweza kustahimili mzinga, na imezidi urefu wowote ambao mlinzi angeuhitaji. Mawazo yake aliyachota kwenye ufufuo wa mtindo wa Kigothi uliokuwa umeenea Uingereza, na kwenye makasri ya bonde la Loire huko Ufaransa.

Matokeo yake ni majengo mawili katika moja. Nusu ya chini ni boma la kweli la karne ya 19, zito, la vita. Nusu ya juu ni fikra ya mtu wa karne ya 19 kuhusu karne ya 13. Watu wengi hulilinganisha kasri hili na Neuschwanstein la Mfalme Ludwig II wa Bavaria, lililoanzwa mwaka 1869, miaka miwili baada ya hili kukamilika. Mimi naliona la Hohenzollern kuwa zito zaidi kwa maana. Ludwig alijenga mahali pa kuukimbia ulimwengu. Friedrich Wilhelm alijenga mahali pa kuuambia ulimwengu jambo.

Jambo hilo linasomeka mara tu mgeni anapoingia ndani. Chumba cha kwanza ni ukumbi wa shajara: kuta zake zimechorwa mti wa nasaba, matawi juu ya matawi, majina, vyeo na miaka, kuanzia makabaila wa Zollern hadi wafalme na makaisari. Majumba mengi ya kifalme humpokea mgeni kwa ngazi ya marumaru au picha ya mwenye nyumba. Hapa mgeni hupokelewa na ukoo mzima. Kutoka hapo huingia Ukumbi wa Magraf, mkubwa kuliko vyumba vyote, wenye safu za nguzo nyekundu zinazobeba dari la matao yaliyopakwa rangi na dhahabu. Maktaba ina michoro ya ukutani ya Wilhelm Peters inayosimulia habari na visa vya kale vya ngome. Baadaye kuna vyumba vya mfalme na malkia, vizuri, vya kiasi, na ndani yake karibu hakuna mfalme aliyewahi kukaa zaidi ya kupita. Kwa miongo mingi kasri lilikuwa tayari kuwapokea wenyewe, na wenyewe walikuwa Berlin.

Dini nayo ina ramani yake humo. Tawi la Swabia lilibaki Katoliki, la Brandenburg likafuata Uprotestanti katika karne ya 16. Kwa hiyo yapo makanisa mawili madogo, moja kwa kila tawi, na baadaye likaongezwa la tatu la Kiorthodoksi kwa ajili ya Kira, binti wa ukoo wa kifalme wa Urusi aliyeolewa na Louis Ferdinand wa Prusia. La Katoliki ndilo lile la Mtakatifu Mikaeli. Ndani yake kuna vioo vya rangi vya karne ya 13 na, kutoka ngome ya kwanza, vinyago vya mawe vya zamani zaidi. Nikipewa muda wa kuona chumba kimoja tu, ningekwenda humo. Ni mahali padogo ambapo zama za kati si mapambo.

Friedrich Wilhelm IV hakuliona kasri likikamilika. Alifariki mwaka 1861, na Stüler akamfuata mwaka 1865. Lilizinduliwa tarehe 3 Oktoba 1867 na mdogo wake mfalme, Wilhelm I, ambaye mwaka mmoja kabla yake majeshi yake yalikuwa yameivunja Austria vitani.

Mwamba na bahari

Kaulimbiu ya ukoo ilisema: kutoka mwambani hadi baharini. Mwamba ni huu wa Zollern, bahari ni ya Baltiki, na maana yake ni safari ya ukoo kutoka Swabia hadi Prusia. Lakini bahari ina tabia ya kuendelea.

Mwaka 1683 Friedrich Wilhelm wa Brandenburg, anayeitwa Mteuzi Mkuu, alianzisha ngome ya Groß Friedrichsburg katika pwani ambayo leo ni ya Ghana, akaingiza nchi yake katika biashara ya dhahabu na ya watumwa. Maelfu ya Waafrika walisafirishwa ng'ambo chini ya bendera yenye tai wa Brandenburg. Mjukuu wake, Mfalme Friedrich Wilhelm I, aliiuza ngome hiyo kwa Waholanzi mwaka 1717 kwa dukati 7,200 na Waafrika 12. Watu walikuwa sehemu ya bei.

Zamu yetu ilifika tarehe 27 Februari 1885. Mjerumani Carl Peters alikuwa amerudi Berlin na mikataba iliyowekewa alama na machifu wa Usagara, Uzigua, Nguru na Ukami. Kaisari Wilhelm I, yuleyule aliyezindua kasri la mlimani miaka 18 nyuma, alitia saini hati ya kuziweka nchi hizo chini ya ulinzi wake. Mtu aliyesherehekea ukumbi wa shajara, kwa kuamini kwamba ardhi na damu ya wazee ndivyo vinavyompa mtu haki ya kutawala, alichukua kwa saini ardhi za watu waliokuwa na wazee wao, matambiko yao na shajara zao. Hili ndilo ninalotaka likae kichwani mwa kila anayelitazama jengo lile. Hoja iliyojengwa pale kwa mawe, hoja ya asili, haikutumika walipofika kwetu.

Tarehe 6 Oktoba 1889, Hans Meyer wa Leipzig na Ludwig Purtscheller wa Austria walifika kilele cha Kibo. Meyer akakiita kilele cha Kaisari Wilhelm. Alirudi na jiwe la kileleni na kulitoa zawadi kwa Wilhelm II, nalo likawekwa katika ukuta wa ukumbi uliopambwa kwa kombe na madini, katika kasri la Neues Palais huko Potsdam. Mwaka huohuo wa 1889 Wilhelm II alitengenezewa taji jipya la Prusia, la dhahabu, almasi na lulu. Hakuwahi kutawazwa nalo. Taji hilo sasa liko kwenye chumba cha hazina cha Hohenzollern, na ndilo watalii wengi wanalolipanda mlima kuliona. Karibu nalo kuna koti la kijeshi la Mfalme Friedrich Mkuu wa Prusia, na kisanduku chake cha ugoro kilichozuia risasi katika vita vya Kunersdorf mwaka 1759.

Wakati taji linafuliwa, kamanda wa Kijerumani Wissmann alikuwa pwani yetu akiyavunja majeshi ya Abushiri, ambaye alinyongwa Pangani mwezi Desemba mwaka uleule. Mwaka 1900 alinyongwa Mangi Meli wa Old Moshi, chini ya mlima ambao Wajerumani walikuwa wakiuita wao. Mwaka 1905 vita vya Maji Maji vililipuka kusini. Jina la Kaisari lilidumu kwenye ramani za Kibo hata baada ya Kaisari mwenyewe kukimbilia Uholanzi, Novemba 1918. Kilele hicho leo kinaitwa Uhuru.

Majeneza yaliyotangatanga

Kasri lililojengwa kwa ajili ya mababu wa mbali lilikuja kupata wafu wa kweli kwa njia ambayo Stüler hakuiwaza. Friedrich Mkuu aliusia azikwe Potsdam, kwenye baraza la bustani ya Sanssouci, kando ya makaburi ya mbwa wake. Alipofariki tarehe 17 Agosti 1786, mrithi wake hakuufuata wosia. Alimzika katika kanisa la askari la Potsdam, ubavuni mwa baba yake, yule aliyeiuza Groß Friedrichsburg, ambaye walikuwa hawapatani.

Vita vya Pili vya Dunia viliwafukua wote wawili. Majeneza yalifichwa katika mgodi wa chumvi wa Bernterode, ambako askari wa Marekani waliyakuta mwaka 1945. Yakapelekwa Marburg. Mwaka 1952, Potsdam ikiwa upande wa Ujerumani Mashariki, ukoo uliyahamishia kwenye kanisa la Kiprotestanti la kasri la mlimani. Yalikaa hapo kwa takriban miaka 40, mpaka Ujerumani ilipoungana. Tarehe 17 Agosti 1991, miaka 205 kamili tangu afariki, Friedrich aliwekwa mahali alipousia.

Waliobaki mlimani ni wa karibu zaidi. Mwanamfalme Wilhelm, mtoto wa Kaisari wa mwisho, alipokimbia majeshi ya Kisovyeti alikuja kuishi kasrini kwa miezi kadhaa, akafariki Hechingen mwaka 1951, akazikwa juu ya boma la Mtakatifu Mikaeli. Kaburi lake ni la kimya, lakini jina lake si la kimya. Alijitokeza hadharani pamoja na Hitler, na sheria ya Ujerumani inawanyima fidia ya mali warithi wa mtu aliyeusaidia kwa kiasi kikubwa utawala wa Nazi. Wanahistoria walibishana juu yake kwa miaka mingi, na mwaka 2023 mkuu wa ukoo wa sasa, Georg Friedrich, aliondoa mashauri aliyokuwa ameyafungua mahakamani. Nadhani alifanya vyema, hata kama alichelewa.

Tarehe 3 Septemba 1978 zile nyufa za chini ya mlima ziliamka. Tetemeko lilipasua kuta na kuharibu minara, na ukarabati ulichukua miaka mingi, hadi ndani ya miaka ya 1990. Fedha za matunzo leo hutoka zaidi kwa wageni, ambao ni zaidi ya laki tatu kila mwaka. Umiliki umebaki kama ulivyogawanywa mwaka 1850: theluthi mbili za tawi la Prusia, theluthi moja la tawi la Swabia. Kasri ni mali ya watu binafsi mpaka sasa.

Wako Waswahili wengi wanaosoma na kufanya kazi Stuttgart na Tübingen, na treni ya kwenda Hechingen haichukui muda mrefu. Nawaomba waende. Wapande njia ya Prittwitz, wakae kidogo katika kanisa la Mtakatifu Mikaeli, wapite kwenye ukumbi wa shajara bila haraka. Na kiongozi wa wageni atakapofika kwenye jina la Wilhelm I na kueleza sherehe za mwaka 1867, mmoja wao ainue mkono na kumuuliza, kwa Kijerumani kilichonyooka, alitia saini nini tarehe 27 Februari 1885.